Kuchagua Hedifoni Kubwa: Sauti ya Mwimbaji na Usalama wa Masikio

Leo tunazungumzia kifaa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha watu wa studio peke yao, lakini siku hizi kimeingia hadi chumba cha kulala. Kifaa hicho ni hedifoni. Nami nina maana ya ile hedifoni kubwa, yenye upinde wa kupita juu ya kichwa na mito miwili inayofunika masikio mazima. Zile ndogo za kutumbukiza ndani ya tundu la sikio tutaziita eafoni, ili tusichanganyikiwe.

Huenda mama mmoja anauliza: hedifoni na afya zina uhusiano gani? Naam, uhusiano upo. Fikiria mama ambaye watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, ni saa nne usiku, naye anataka nusu saa yake ya kusikiliza taarab au kwaya bila kuamsha mtu. Fikiria pia kijana wa kidato cha pili ambaye tangu muhula uliopita anaomba anunuliwe hedifoni kama za wenzake. Wote wawili wataingia dukani, na muuzaji atawawekea kichwani ile inayopiga ngoma zaidi. Atasema, "Sikia hiyo besi!" Wakikubali hapo, wameamua jambo kubwa kuliko wanavyodhani, maana hedifoni utakayochagua ndiyo itakayoamua utafungua sauti kiasi gani kila siku, kwa miaka.

Kwanza tuingie ndani ya sikio kidogo. Ndani kabisa mna kijumba kilichojiviringa kama konokono. Humo mna chembe zenye vijinywele, kama 15,000 hivi katika kila sikio, na mtoto huzaliwa nazo zote. Sauti ikiingia, maji yaliyomo katika kijumba hicho hutikisika, vijinywele huinama, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno na kwa muda mrefu, vijinywele hulala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Vikipumzishwa, huinuka. Vikikanyagwa kila siku, chembe zile hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya chupa, ya sindano wala ya mizizi inayozirudisha.

Tena uharibifu huu hauanzi kwa kuziba masikio kabisa. Huanza juu, kwenye sauti nyembamba, mara nyingi katika mitetemo kati ya 3,000 na 6,000 kwa sekunde. Huko ndiko ziliko nguvu nyingi za herufi kama s, sh, f, t na k. Kwa hiyo mtoto aliyeumia huko husikia vizuri kwamba unasema, ila hapati ulichosema. Umemwambia "shika" naye amesikia "fika" au "pika". Mwalimu amesema "saa" naye amesikia "faa". Nyumbani ataitwa mkaidi, shuleni ataitwa mzembe, na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna kitu kimepungua, kwa sababu kilipungua polepole. Mara nyingi maumivu hayapo.

Sasa tuje kwenye hedifoni yenyewe.

Sauti nzito ina tabia moja: hufunika sauti nyembamba kwa urahisi kuliko nyembamba inavyoweza kufunika nzito. Ni kama mtu anayetwanga kinu jikoni huku nyanya akisimulia hadithi sebuleni. Sauti ya nyanya haiwezi kuficha kishindo cha mchi, lakini kishindo cha mchi kitameza maneno ya nyanya. Hedifoni iliyotengenezwa kupiga besi kupita kiasi hufanya hivyo hivyo. Maneno ya mwimbaji yanamezwa, na msikilizaji anayetaka kuyasikia anaongeza sauti. Akiongeza, besi nayo inaongezeka. Maneno bado yamefunikwa, anaongeza tena. Hivyo ndivyo mtu mwenye nia njema kabisa ya kusikiliza wimbo wa dini anavyofika mwisho wa kipimo cha simu.

Sauti ya mwanamume akiimba au akizungumza ina msingi wa mitetemo kama 100 kwa sekunde, ya mwanamke kama 200, na ya mtoto hufika 300 au zaidi. Lakini huo ni msingi tu. Yale yanayoyafanya maneno yaeleweke yako juu zaidi, hadi mitetemo 4,000 hivi, na mvumo wa herufi s hupanda hata 8,000. Hedifoni nzuri kwa mpenda waimbaji ni ile isiyoizamisha sehemu hii ya katikati chini ya besi, wala isiyoikwaruza kwa ukali wa juu. Mwenye kupenda sauti za watu ana bahati hapa: hedifoni inayomfaa mwimbaji wake ndiyo itakayomwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini na kutosheka.

Hedifoni kubwa ziko za aina mbili. Kuna zilizofungwa mgongo, ambazo kifuniko chake cha nje ni kigumu, hakina matundu. Hizi huzuia kelele za nje kiasi, na muziki wako hautoki nje sana. Kisha kuna zilizo wazi mgongo, ambazo nyuma yake mna wavu au matundu. Hizi hazizuii kelele, na aliye karibu nawe atasikia unachosikiliza. Lakini ukiwa mahali patulivu, sauti ya mwimbaji katika hedifoni iliyo wazi mara nyingi huwa na nafasi. Haikubani ndani ya kichwa, na unaisikia kama ya mtu aliyekaa chumbani nawe. Wanaotafuta kuzama katika wimbo, huku wakisikia pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti, huzipenda hizi.

Nitatoa mfano wa kila aina, na nawaomba msielewe kwamba nawatuma mkanunue. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ni ya mgongo wazi, na hadi leo wapenda sauti za waimbaji huisifu. Lakini ukinzani wake wa umeme ni omu 300, na simu nyingi hazina nguvu ya kuiendesha vizuri. Huhitaji amplifaya ndogo pembeni, nayo ni gharama nyingine. Sony MDR-7506, ya mwaka 1991, ni ya mgongo uliofungwa, ina omu 63, na huonekana katika studio nyingi za redio na za kurekodi. Kama utasikiliza kwa simu ya kawaida, tafuta hedifoni ya omu 32 hivi, au inayotumia blututhi, ambayo ina amplifaya yake ndani. Angalia pia kama simu yako bado ina tundu la waya. Simu nyingi za sasa hazina, na mama anafika nyumbani na kifaa kisicho na pa kuchomekwa.

Kwa mlezi mwenye mtoto mchanga nyumbani, mimi nasimama upande wa mgongo wazi. Mtoto akilia utamsikia. Sufuria ikichemka na kumwagika utaisikia. Kwa anayeishi karibu na barabara kuu, au chumba kimoja na jirani mwenye redio kubwa, mgongo wazi hautamfaa, kwa sababu ataongeza sauti ili kushinda kelele. Huyo achague iliyofungwa. Na kwa anayesafiri kila siku kwa matatu, hedifoni zinazopunguza kelele kwa umeme zinasaidia sana dhidi ya mngurumo wa injini, na hivyo mtu huweza kusikiliza kwa sauti ndogo. Hizo ni za kuketi. Ukishuka stejini, zivue kabla ya kukanyaga barabara, kwa maana bodaboda haitangoji umalize ubeti.

(Muziki mfupi)

Tuingie dukani sasa. Labda ni Luthuli Avenue jijini Nairobi, labda ni duka la simu katika soko lenu. Boksi limeandikwa mitetemo 20 hadi 20,000. Usivutwe na hilo. Huo ndio upeo wa sikio la kijana mwenye afya, na karibu kila boksi huandikwa hivyo, la bei ya juu na la bei ya chini. Vilevile boksi litakuambia spika yake ina upana wa milimita 40 au 50. Upana huo haukuambii kama sauti ni safi, kama vile ukubwa wa sufuria usivyokuambia kama pilau imeiva. Na chapa maarufu inayouzwa kwa bei ya kushangaza barabarani, aghalabu ni bandia.

Nenda na simu yako mwenyewe na wimbo unaoujua neno kwa neno. Uwe na sauti moja ya mtu na ala chache. Taarab ya udi na mwimbaji mmoja inafaa. Tenzi ya kanisani yenye piano peke yake inafaa. Baada ya hapo weka wimbo wa kwaya. Kwaya ya Taifa ya Muungano, chini ya Boniface Mganga, ilirekodi Missa Luba, na ukiipata ni kipimo kizuri: je, unaweza kuifuata sauti ya tatu peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, au sauti zote zimekuwa uji? Rekodi za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, ni hazina yetu, lakini si za kupimia hedifoni. Mikwaruzo ya santuri itakudanganya ukadhani kifaa ndicho kibovu.

Muombe muuzaji azime redio yake, au usogee ndani mbali na mlango. Weka sauti ya simu katikati. Sikiliza herufi s na sh. Zikikuchoma kama sindano, weka hedifoni hiyo chini, hata kama mengine yote ni mazuri, kwa kuwa itakuumiza kichwa baada ya nusu saa. Sikiliza maneno ya mwisho wa kila mstari, yale ambayo mwimbaji huyaachia taratibu. Kisha fanya jaribio ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: punguza sauti, tena punguza, hadi iwe ndogo kama mtu anayekunong'oneza. Bado unayapata maneno? Ile ambayo maneno yake yanadumu hadi chini kabisa ndiyo yako.

Ukilinganisha hedifoni mbili, kuwa mwangalifu na hila moja ya sikio. Yenye sauti kubwa zaidi, hata kwa kiasi kidogo, siku zote huonekana kuwa bora. Wauzaji wanalijua hilo. Rekebisha simu hadi zote mbili zisikike sawa, ndipo uamue.

Baada ya sauti, mwili. Ivae dakika 15 huku ukizungumza na muuzaji juu ya bei. Sikio lako liingie lote ndani ya mto bila kugusa kitu. Upinde usikubane taya wala utosi. Hedifoni ya gramu 250 hivi watu wengi huivumilia, na ikipita 350 shingo itaanza kulalamika. Mito ya kitambaa hupumua, yafaa Mombasa, Lodwar na kwingineko kwenye joto. Mito ya ngozi ya kuiga huziba vizuri zaidi lakini hutoa jasho, na baada ya muda hubambuka. Uliza kama mito na waya hubadilishwa, maana hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza, na ikiwa havibadilishwi utatupa hedifoni nzima kwa sababu ya kitu kidogo.

Tena akina mama, jaribuni hedifoni mkiwa mmevaa vile mnavyovaa mnaposikiliza. Ninalisema hili kwa sababu vitabu vya maelezo haviligusi. Mto wa hedifoni iliyofungwa hufanya kazi kwa kuziba pande zote. Kilemba kinene, hijabu iliyokunjwa mara mbili, miwani yenye mikono mipana, au nywele za kusuka zilizopita juu ya sikio, vyote huacha upenyo. Sauti nzito huvuja, wimbo unakuwa mwembamba, kelele za nje zinaingia, na mkono unakwenda kuongeza sauti. Nyumbani waweza kuvaa hedifoni kwanza, kisha ukajifunika mtandio juu yake. Kitambaa chepesi cha tabaka moja hakidhuru sana. Na kama umesuka na kufunga fundo utosini, angalia kama upinde utakaa mbele au nyuma ya fundo bila kuteleza, la sivyo utatumia jioni nzima ukiirudisha mahali pake.

Haya, kifaa kimepatikana. Kitumike kwa kipimo gani?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Simu nyingi zikiwa na hedifoni zinaweza kupita 100. Hesabu ya desibeli si kama ya shilingi, kwani kila unapoongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huongezeka maradufu, na muda salama hupungua nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo uliotolewa mwaka 2019 pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, liliweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Basi mtu mzima akipanda hadi 83 ana saa 20 kwa wiki. Akipanda hadi 89 ana saa 5. Akifika 95, saa moja na robo inamaliza haki yake ya wiki nzima. Mtoto anayesikiliza kwa desibeli 90 ameimaliza yake kwa saa moja na robo, yaani katuni mbili tatu na nyimbo chache.

Mama atasema, mimi sina kipimo cha desibeli. Ni kweli, ila simu nyingi za leo zina sehemu katika mipangilio inayoonyesha kiwango cha sauti ya hedifoni, au inayokuruhusu kuweka kikomo. Kama yako haina, usipite asilimia 60 ya kipimo cha simu. Weka sauti ukiwa mahali patulivu, si ndani ya matatu, wala usiongeze baada ya hapo. Kila baada ya saa moja vua, masikio yapumzike dakika kumi. Na kwa hedifoni iliyofungwa kuna njia ya kienyeji kabisa: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa kijana wako. Ukisikia wimbo wake, sauti imezidi. Njia hii haifai kwa hedifoni ya mgongo wazi, ambayo huvujisha hata ikiwa ndogo.

Kijana huyo, tafadhali, msizungumze naye kwa kumtisha kwamba atakuwa kiziwi kesho. Hatakuwa kesho, naye anajua, na ataacha kukuamini. Mpe hedifoni asikilize wimbo anaoupenda katika ile ya besi nyingi na katika ile yenye sauti ya kati iliyo safi, zote kwa sauti ndogo, akuambie ni wapi anayasikia maneno. Vijana wengi hujisifu kwa kujua maneno yote ya wimbo. Hapo mna mlango wa kuingilia.

Kwa watoto wadogo zaidi kuna hedifoni zilizoandikwa kwamba hazipiti desibeli 85. Ni afadhali kuliko zisizo na kikomo, lakini msiamini maandishi peke yake. Mwaka 2016 huko Marekani wapimaji wa Wirecutter walijaribu hedifoni 30 za watoto na kukuta nusu yake hazikushika kikomo kilichoahidiwa. Isitoshe, 85 yenyewe iko juu ya ile 75 ya watoto tuliyoitaja, basi dakika zihesabiwe. Kikomo cha kwanza ni mama kuivaa mwenyewe, kuweka sauti ya juu kabisa na kusikiliza kabla ya kumpa mtoto. Mtoto mchanga na mtoto ambaye hajaanza kuzungumza hana haja ya hedifoni ya muziki hata kidogo. Yeye hawezi kukuambia kwamba inaumiza.

Na wewe mlezi, kuna upande wako. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hujifunza lugha kwa kurushiana sauti na mtu: yeye anasema "ba", wewe unaitika "baba anakuja?", naye anarusha tena. Mlezi aliyefunika masikio mawili mchana kutwa hasikii ile "ba", na mchezo unakufa. Simnyimi mama muziki wake. Nasema hedifoni ivaliwe mtoto akiwa amelala au akiwa na mtu mwingine, na mchana muziki upite kwenye redio ya mezani kwa sauti ambayo mnaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Ikiwa mtoto anatambaa karibu na jiko au karai la maji, hedifoni ikae msumarini.

Wengine wameuliza kama mjamzito aweke hedifoni juu ya tumbo ili mtoto apende muziki. Hakuna haja, na sauti ya kubandikwa juu ya tumbo inaweza kuwa kubwa kuliko unavyokisia. Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya mwisho, tayari anakusikia wewe. Watafiti DeCasper na Fifer walichapisha mwaka 1980 matokeo yanayoonyesha kwamba watoto waliozaliwa siku chache tu zilizopita waliibadili namna yao ya kunyonya chuchu ya mpira ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine. Imba unapofua, atasikia. Hata kama majirani hawakusifu.

Nyumba yenye nyanya au babu aliyepungukiwa na kusikia nayo ina jambo lake. Hedifoni kubwa yaweza kumsaidia kusikiliza runinga bila nyumba nzima kutetemeka, na sauti safi ya kati humfaa kuliko besi. Ikiwa anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, mto mpana unaweza kukaa juu yake, lakini kikianza kupiga mluzi, sogeza mto kidogo au chagua wenye kina zaidi. Asikivue kifaa chake na kuongeza sauti ya hedifoni hadi mwisho ili kufidia. Ampelekee mtaalamu swali hilo.

Juu ya usafi nitasema machache. Futa mito kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uiache ikauke. Hedifoni ya mitumba ibadilishwe mito kabla ya kuvaliwa. Mtoto ambaye sikio linatoa usaha asivae eafoni wala hedifoni. Apelekwe kituo cha afya, na wala asimwagiwe mafuta ya moto au maziwa sikioni.

Dalili za kuangalia ni hizi: mlio kama wa nyenje masikioni baada ya kusikiliza, kusikia watu kama wako nyuma ya pazia, kuongeza runinga kila siku kuliko jana, kusema "ati?" mara nyingi, na kulalamika kwamba watu wanameza maneno. Mlio unaoondoka baada ya usiku mmoja ni onyo. Usioondoka, nenda hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo. Na sikio moja likizima ghafula, asubuhi umeamka hulisikii, usingoje siku ya kliniki wala usingoje lizibuke. Nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu ya hali hiyo hufaa zaidi yakianza mapema. Mtoto wa shule anayeshukiwa hasikii vizuri anaweza pia kupelekwa katika vituo vya kutathmini watoto vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianza hapa nchini mwaka 1984. Muulizeni mwalimu mkuu kilipo cha karibu nanyi.

Mama aliyetaka nusu saa yake ya taarab, hii hapa hesabu yake: nusu saa kila usiku ni saa tatu na nusu kwa wiki. Kwa hedifoni safi, nyumba ikiwa tulivu, na kipimo cha simu chini ya nusu, hata robo ya haki yake hajaigusa. Asikilize.

Juma lijalo, saa kama hizi, tutazungumzia nta ya sikio, na kwa nini kijiti cha pamba kisiingizwe humo. Andaeni maswali yenu. Kwaherini.